Kiraka ni Kizima

Torino, 9 Oktoba 2016

Dada Norina,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima, yaani wewe na paka. Mimi sijambo, ukiondoa magoti. Moreno alipiga simu jana kutoka Ujerumani. Mtoto ameota jino la pili na anamng'ata mama yake kila anaponyonya. Nikamwambia mwanangu kwamba hata yeye alikuwa hivyo hivyo, akabadilisha mazungumzo.

Nakuandikia kwa sababu tukishika simu tunagombana kabla hatujamaliza kuulizana hali. Mara ya mwisho tuligombania sufuria la shaba la marehemu mama, ukanikatia. Sikulaumu. Nilikuwa nataka kukukatia mimi, ukaniwahi. Kwenye barua angalau mtu anapata nafasi ya kumeza mate.

Sasa jambo lenyewe. Tangu majira ya baridi yaliyopita, nikiamka asubuhi nakuta dirisha limejaa ukungu. Nikawa nalifuta kwa kitambaa, nalifuta kwa gazeti, na ukungu uko palepale. Ikifika saa tano, saa sita, unaondoka wenyewe. Nikasema haya, Torino nayo imekuwa kama kwetu kwenye mdomo wa mto Po. Mpaka siku moja nikalalamika mbele ya yule mama wa ghorofa ya chini, akanitazama: "Ukungu gani, Ilde? Jua limewaka tangu alfajiri." Nikapanda ngazi, nikakaa kitandani na koti langu. Nilijua, Dada. Mama alianza hivyo hivyo. Na wewe pia.

Daktari ameniambia ni ule ule wenu. Kwenye kioo cha jicho, kwa ndani kabisa, kuna seli zinazofanya kazi ya kutoa maji ili kioo kibaki kikavu na angavu. Zangu zinakufa, na zikifa hazizaliwi nyingine. Anataka kuniwekea kipande kutoka kwenye jicho la marehemu fulani. Siyo kioo kizima kama walivyokuwa wakifanya zamani. Ni tabaka la ndani tu, jembamba kuliko utando wa kitunguu. Anasema siku hizi ni jembamba hata kuliko lile walilokuwekea wewe.

Yeye ana meno meupe na umri wa Moreno. Anasema, "Mama, matokeo ya muda mrefu ni mazuri sana." Muda mrefu kwake ni upi? Kuanzia sikukuu hii hadi ile? Wewe umekaa na kiraka chako miaka kumi na moja. Nataka kusikia kwako. Kikoje?

Mdogo wako,
Ilde


Scardovari, 3 Novemba 2016

Mdogo wangu Ilde,

Barua yako ilinikuta mzima. Jana ilikuwa siku ya marehemu; nilimpelekea mama maua, nikasali kwa jina langu na lako. Padri mpya anahubiri kama mtu anayekimbizwa na nyuki, lakini kina mama wanampenda kwa sababu misa inaisha mapema. Binamu Adelmo amevuna kome wengi mwaka huu. Ameniletea ndoo nzima, nikala na ugali wetu wa njano siku mbili mfululizo. Mistari ya barua hii ikienda upande usinicheke, meza ya jikoni inayumba.

Umeuliza kiraka kikoje. Kiraka changu ni kizima. Daktari wa mwisho aliyekitazama aliwaita wenzake wawili waje wakione, nikakaa pale kidevu changu juu ya kile chuma kama mbuzi mnadani. Mmoja akasema, "Angalia kilivyo angavu, utadhani kimewekwa mwaka jana." Hakijakunjamana, hakijavimba, mwili haujakikataa. Aliyenipa macho yake, Mungu amrehemu, alinipa kitu imara.

Upasuaji wenyewe usikutishe. Wanakutia ganzi, wanakata kidogo tu pembeni, wanakiingiza kikiwa kimekunjwa, kisha wanapuliza povu la hewa ndani ya jicho ili likisukume kikashike. Baada ya hapo kazi yako ni kulala chali na kukodolea dari, hewa ikae juu. Mimi niliijua ile dari kuliko baraza la nyumba yetu. Kuna doa moja lilikuwa na sura ya mjomba Gino, pua na yote.

Waliponifungua, kitu cha kwanza nilichoona vizuri ni vinyweleo kwenye mkono wa nesi. Nikaanza kulia, yeye akadhani ninaumia. Halafu nikarudi nyumbani, nikaona jinsi jiko lilivyokuwa chafu miaka yote ile, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Mama hakuwa anaona, nawe hukuwepo.

Nenda, Ilde. Usifanye kama mama. Alipoambiwa kuna namna mpya ya kutibu, alisema yeye ni mzee, waachiwe vijana. Akaishi miaka mingine kumi na tatu gizani. Nenda mapema, kabla kioo hakijavimba kiasi cha kupata makovu.

Paka anakusalimu.

Norina


Torino, 22 Januari 2017

Dada Norina,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Huku ni baridi na mabomba ya jengo yanapiga kelele kama watu wanaogombana ukutani. Moreno alikuja na familia sikukuu ya Krismasi. Nilimbeba mtoto mpaka mgongo ukasema basi. Asubuhi wakininyanyulia mtoto dirishani nimtazame, namwona kama kwenye kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga. Nilikuwa nasema, "Jamani, mzuri!" bila kujua kama amenichekea au anataka kulia.

Sijaenda. Najua utanitukana, anza. Nilipewa tarehe ya mwezi wa kumi na mbili nikasema sikukuu ziko karibu. Nikapewa nyingine ya mwezi huu nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Kila nikikaa kwenye kile kiti namkumbuka mama akiutafuta ukuta kwa mkono kutoka kitandani hadi jikoni, na ile alama nyeusi ndefu aliyoiacha kwenye chokaa. Umeshaipaka rangi, au bado ipo?

Daktari ananiambia mambo nusu nusu. Anasema kiraka nacho kinapoteza seli kila mwaka. Siku moja kitachoka, na mtu anaweza kuhitaji kingine. Sasa mimi najiuliza, nitaanza safari hii nikiwa na miaka sitini na sita ili niirudie nikiwa na themanini? Wewe hukuniambia hilo.

Nakuomba kitu. Njoo ukae nami wiki mbili. Ukiwa hapa sebuleni nitakwenda hospitali, hata kama ni kwa kukuogopa tu. Nitakulipia nauli ya treni. Utalala kwenye kitanda, mimi nitalala kwenye kochi. Na uniambie, bado unatarizi? Bado unaanza gazeti kwa kurasa za vifo?

Ilde


Scardovari, 26 Februari 2017

Mdogo wangu Ilde,

Nakusalimu. Usishtuke kuona mwandiko huu. Niliteleza kwenye ngazi ya nje yenye barafu nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, kwa hiyo ninasema, na jirani yetu Oriella wa nyumba ya kijani anaandika. (Ni mimi, Ilde, hujambo? Umenenepa? Picha ya Krismasi inasema umenenepa.) Oriella, andika ninachosema.

Adelmo amepata injini mpya ya mashua na anaizungumzia kuliko alivyowahi kumzungumzia mkewe. Mto ulipanda wiki iliyopita mpaka karibu na ukingo, tukalala na viatu mlangoni, kisha ukashuka. Alama ya mama ukutani bado ipo. Sikupaka rangi.

Siwezi kuja. Mkono wenyewe ndio huo, na paka hana wa kumwachia. (Paka angekaa kwangu, nimemwambia mara mia.) Oriella!

Umesema daktari anakuambia nusu nusu. Haya, nusu nyingine ndiyo hii. Ni kweli kiraka kinachoka. Kuna vinavyochoka baada ya miaka kumi, vingine huenda ishirini. Kikichoka wanakitoa, wanaweka kingine kupitia tundu lile lile. Na hata kingedumu miaka kumi tu, Ilde, hebu hesabu. Miaka kumi ni mtoto wa Moreno kutoka kunyonya hadi kukimbia na mpira. Utaiona yote. Wewe unataka kuitupa kwa sababu ya mwaka wa kumi na moja?

Nimekasirika, na Oriella ameambiwa aandike kwamba nimekasirika. (Amekasirika kweli. Amepiga meza kwa mkono anaosema umevunjika.) Hilo usiliandike. Umeliandika? Ilde, usimsikilize huyu, ana maneno.

Wewe ulikuwa mtoto pekee kwetu aliyeruka mfereji mkubwa bila kulowa. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo nikilia. Sasa niko ng'ambo tena. Ruka.

Norina
(na Oriella, ambaye amechoka)


Torino, 21 Mei 2017

Dada yangu Norina, Dada yangu wewe,

Nitakusalimu kwa kirefu kesho, leo acha niseme. Naona!

Walinifanyia jicho la kulia mwanzoni mwa mwezi wa nne. Sikukuandikia kabla, kwa sababu nilijua ningekimbia na sikutaka uwe na barua ya ushahidi. Povu la hewa nililiona mwenyewe, lilikuwa kama mwezi mweusi unaozama chini ya jicho, kila siku mdogo zaidi. Nililala chali, nikatafuta mjomba Gino kwenye dari, sikumpata. Kwangu kulikuwa na ufa tu. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mavumbi matupu, nikakulaani kidogo. Wiki ya tatu nikaamka asubuhi, saa moja, dirisha likiwa wazi kabisa. Milima ilikuwa pale yenye theluji yake, kama mtu ameisogeza usiku. Nikafungua dirisha nikaita yule mama wa chini: "Leo hakuna ukungu!" Akasema, "Ilde, umelewa?"

Nimeona mikono yangu. Nimeona kumbe pazia langu ni la kijani, nilikuwa nikilisifu kwa watu kwamba ni la buluu.

Natia matone mara nne kwa siku, ya kuuzuia mwili usikikatae kiraka. Daktari mwenye meno anajisifu kama amezaa.

Ni wewe uliyenirusha, Dada. Kama ungeniambia neno moja baya kuhusu jicho lako, moja tu, nisingekwenda. Sasa nakuja mwezi wa nane. Nataka kukutazama vizuri. Mara ya mwisho nilikuona kwenye mazishi ya mama, macho yangu yakiwa yamejaa machozi na yako pia. Nikuletee nini? Nimeona nyuzi za kutarizi za hariri, rangi zote. Au nikuletee vitabu? Sema.

Mdogo wako anayeona,
Ilde


Torino, 16 Julai 2017

Norina,

Salamu. Karibu miezi miwili sasa, hata mstari mmoja hakuna. Nimevunja ahadi yetu ya kutopigiana simu, nikapiga mara tatu. Mara mbili iliita mpaka ikachoka, mara ya tatu Oriella akapokea akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wewe ambaye ulikuwa ukituamsha na kuku!

Umenuna? Ni lile la sufuria la shaba? Lichukue. Nimelisamehe sufuria na mfuniko wake.

Mimi ni mzima. Joto huku ni la kufa mtu. Moreno anatarajia mtoto wa pili. Jicho linaendelea vizuri mno hata nimekuwa mvivu: nilitakiwa kwenda kupimwa mwezi uliopita, nikasema kwa nini nikapange foleni nusu siku niambiwe ninachokiona mwenyewe? Nimeahirisha hadi Oktoba, nikirudi kutoka kwenu. Matone naendelea nayo, sijaacha hata siku moja, hilo usiwe na wasiwasi.

Tiketi nimekata. Nafika kabla ya sikukuu ya katikati ya Agosti. Ukitaka nisije, sema sababu.

Ilde


Scardovari, 29 Julai 2017

Ilde,

Nenda ukapimwe presha ya jicho. Siyo Oktoba. Ukipata barua hii asubuhi, nenda mchana wake. Usiache matone kwa amri yako mwenyewe, ila nenda, waambie dada yako matone hayo hayo yalimpandisha presha, waambie ni damu moja.

Nimetanguliza hilo kabla ya salamu nisije nikaishiwa na nguvu. Sasa nakusalimu.

Barua hii naandika mwenyewe. Nimeweka kipande cha boksi juu ya karatasi, nakishusha kwa kidole kila mstari ukiisha. Sijui kama wino unatoka. Oriella nimemwambia kazi yake ni stempu tu. Anasema nina dharau. Mwache aseme.

Sikukudanganya kuhusu kiraka. Kiraka ni kizima. Lile la madaktari watatu ni kweli tupu, waliitana na wakakisifu. Kisha yule mkubwa akawasha taa nyingine ili atazame nyuma, ndani kabisa ya jicho. Nikasikia anavyopumua. Akaniuliza, "Mama, nani amekuwa akikupima presha ya jicho?" Nikasema hakuna. "Tangu lini?" Nikasema tangu mwaka 2008. Akawaambia wale wenzake watoke.

Matone yanailinda nyama ya mtu mwingine isikataliwe, lakini kwa wengine wetu yanajaza jicho presha taratibu. Presha inabana mshipa wa nyuma, ule unaopeleka picha kichwani. Hauumi. Hauwashi. Unakufa kuanzia pembeni, na katikati panabaki pazuri, kwa hiyo mtu hajui. Mimi nilikuwa nikigonga mabega kwenye milango nikidhani ni uzee. Ningepimwa mara mbili tatu kwa mwaka wangeliona mapema, wangebadilisha matone, basi. Sikupimwa. Nilikuwa nikimtuma Adelmo kwa mfamasia aniletee chupa nyingine, na mfamasia alinipa kwa sababu ananifahamu tangu shule. Hospitali ilikuwa safari ya kutwa nzima na sikuwa na nafasi.

Kilichokufa hakirudi, Ilde. Kioo wanaweza kubadilisha, mshipa hawawezi. Mwaka ule wa daktari nilikuwa bado na kitobo cha kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Barua yako ya kwanza niliisoma kwa kitobo hicho, neno moja moja, siku mbili. Krismasi kilizibika. Jicho la kushoto unalijua, tete la mtoni lililichoma tukiwa wadogo na halijawahi kunisaidia. Ngazi haikuwa na barafu. Mkono uliumia kweli, ila ulikuwa umepona siku ile Oriella anaandika.

Ukauliza kama bado natarizi. Sikujibu. Ukaniletea habari za nyuzi za hariri, Oriella aliisoma sentensi ile nikamwomba atoke nje.

Ningekuambia ungeogopa, ungebaki na ukungu wako hadi mwisho, kama mama. Nikanyamaza. Nikasema akishaponywa nitamwambia. Ukapona, ukaandika barua ile ya milima na pazia la kijani, ukaandika kwamba neno moja baya lingekuzuia. Sasa ningelisemaje? Kila siku nilisema kesho. Hata habari ya presha niliimeza, nikidhani madaktari watakupima tu, maana sikujua namna ya kuisema bila kusema na hii nyingine. Jana Oriella aliponisomea kwamba umeahirisha, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatafuta boksi.

Nenda, tafadhali.

Norina


Torino, 13 Agosti 2017

Dada yangu,

Nakusalimu. Namsalimu Oriella pia kwa kuwa anakusomea. Oriella, kaeni chini kwanza, na usiongeze maneno.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Wino ulitoka, Dada. Mistari mingine imepandana, ule wa "hauumi, hauwashi" umekalia wa juu yake, nikausoma kwa kuigeuza karatasi dirishani. Sikumaliza. Nilisoma mwanzo tu, nikavaa viatu nikaenda hospitali bila miadi. Dada wa mapokezi akasema daktari ana watu, nikamwambia, "Mwanangu, mimi nitakaa hapa chini sakafuni mpaka atoke." Nikakaa kweli. Magoti yangu hayajanisamehe.

Presha ilikuwa thelathini na nne. Haitakiwi kupita ishirini na moja. Daktari akaacha kutabasamu. Akaniuliza nimejuaje kuja, na nikamwambia dada yangu ameandika. Amenibadilishia matone, akaniongezea ya kushusha presha. Akapiga picha za mshipa wa nyuma, tukangoja. Haujaguswa. Amesema kufika Oktoba angekuwa akinieleza hadithi nyingine. Jana nimerudi, imeshuka hadi kumi na tisa. Atanipima kila wiki, baadaye kila mwezi, na baadaye kwa maisha yangu yote, na nimemwambia nitakuja hata kwa kutambaa.

Jicho langu limepona mara mbili, na zote mbili ni wewe.

Nilipotoka hapo nikakaa kwenye benchi mbele ya hospitali nikaisoma barua yako yote. Kulikuwa na jua, na niliona kila kitu: njiwa, kizibo cha chupa, herufi zako. Sijawahi kuchukia kuona kama nilivyochukia saa ile.

Umeandika mwaka 2008 ukauacha ulivyo. Umeandika kwamba hukuwa na nafasi. Mimi najua mama alivunjika nyonga mwaka gani, Norina. Najua nilisema nitakuwa nakuja kila kiangazi nikupokee kazi ya kumhudumia, na najua nilikuja mara ngapi. Hukuliandika hilo, nami sitalijibu kwenye karatasi, kwa sababu kuna maneno ambayo hayafai kusomwa na Oriella. Nitayasema nikiwa nimekaa mbele yako.

Tiketi ya wiki mbili nimeirudisha. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba ghorofa yake naiacha mwisho wa mwezi. Moreno amepiga kelele: "Mama, utaishije kule na mbu?" Nikamwambia nilizaliwa na mbu. Vitu vyangu ni vichache. Pazia nitakuja nalo. Hospitali ya huko wana mashine ya kupima presha, nimeshauliza, na Adelmo atanipeleka na hiyo injini yake mpya ikibidi. Usinipigie simu kunikataza. Tutagombana, na safari hii nitakukatia mimi.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya Septemba.

Ilde


Scardovari, 24 Agosti 2017

Mdogo wangu Ilde,

Nakusalimu, na anayeandika ni Oriella, ambaye tangu barua yako ya mwisho amekuwa akipenga kamasi kila nusu saa. (Si kweli. Ni vumbi.)

Kumi na tisa. Nilimwambia Oriella anisomee hiyo namba tu, halafu siku iliyofuata anisomee tena. Nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa kwa yule aliyekupa macho yake, na mwingine kwa yule wa kwangu. Watu wanaweza kusema wa kwangu alitoa bure. Siyo bure. Kwa kiraka chake niliona miaka mingi, nilimwogesha mama na kumkata kucha bila kumjeruhi, niliuona uso wake mpaka siku ya mwisho. Hakuna kosa lake hapo.

Adelmo ametoa masanduku kwenye chumba cha nyuma, na Oriella amefua mashuka. (Na nimepiga pasi.) Mbu wapo wengi mwaka huu, watakupokea kama bibi harusi. Sufuria la shaba liko kwenye msumari wake. Utapika wewe, mimi naunguza.

Nitakuambia mapema mambo yalivyo ili usije ukaangua kilio mlangoni na kumtisha paka. Nyumba naijua. Nashika ukuta pale pale alipokuwa akishika mama, mikono yetu ina urefu mmoja. Usinishike kiwiko kila nikisimama. Usihamishe viti. Kuhusu mwaka 2008, ukitaka kusema sema, nitakusikiliza, lakini useme mara moja tu, kisha tule.

Kuna usiku nalia, hilo nalo nakuambia, kwa sababu tukiwa nyumba moja utasikia. Siyo kila usiku. Ukisikia, usiwashe taa, wala usije na maneno. Kohoa tu, nijue upo.

Na siku ile ukifika, weka mizigo chini kwanza, uje ukae. Unakumbuka mama alipokuwa akinyoosha mikono kutupapasa nyuso, wewe ulikuwa ukijikwepesha, ukisema mikono yake ni baridi. Yangu nayo ni baridi. Safari hii, Ilde, utulie.

Norina